Kinyozi hajinyoi: Nywele za msokoto na mkono unaozishika

Wiki tatu kabla ya Sikukuu ya Mashujaa nilipigiwa simu na mwandalizi wa kongamano dogo ambako nilikuwa nimealikwa kutoa mhadhara kuhusu msamiati wa vita vya ukombozi. Tulizungumza kuhusu nauli, tukazungumza kuhusu projekta, kisha akakohoa kidogo na kuniuliza kwa upole: “Na samahani, Daktari, hizo nywele utazifanyia kitu kabla ya siku yenyewe?”

Nilicheka. Nikamjibu kwamba nywele zangu hazitatoa mhadhara, mimi ndiye nitakayeutoa. Lakini simu ilipokatika nilijikuta nimesimama mbele ya kioo.

Nimefuga nywele za msokoto, au dredi kama zinavyoitwa mtaani, kwa miaka sita. Kwa muda huo wote sikuruhusu msusi azishike. Nilizifuga kwa heshima ya mjomba wangu, kaka mkubwa wa mama, aliyeingia msituni wakati wa Hali ya Hatari akiwa kijana na kurudi baada ya uhuru nywele zikimfika mabegani. Nilijiambia kwamba ikiwa nywele za mjomba hazikuona saluni, zangu pia hazitaiona. Niliosha kwa maji na sabuni, nikakausha juani, basi.

Tatizo ni kwamba nywele zenyewe hazikujua habari za kiapo changu. Kisogoni misokoto kadhaa ilikuwa imeungana na kuwa kitu kimoja kipana kama kipande cha mkeka. Usiku nilipolala chali shingo ilivutwa, asubuhi nikaamka nikiwa na maumivu. Jirani yangu mmoja mwenye dredi safi zinazong’aa alipanguza kisogo changu kwa vidole, akatikisa kichwa. “Hizi za nyuma ukiziacha mwaka mwingine hazitatenganishwa,” akasema. “Zitakatwa tu.”

Swali likawa hilo: nizipeleke kwa msusi, ama niziache zijiendee zenyewe? Kwa wengi hilo ni swali la pesa na muda. Kwangu lilikuwa swali la historia, na mwalimu wa lugha anapokabiliwa na swali la historia huanzia kwenye maneno.

Kiswahili kina vitenzi vya nywele visivyo haba. Tunanyoa, tunachana, tunasuka, tunasonga, tunasokota. Kutokana na kusuka tumepata msusi, kama tulivyopata mpishi kutokana na kupika. Kutokana na kunyoa tumepata kinyozi, na msomaji akijiuliza hiyo z imetoka wapi, aangalie neno nyolewa. Kuna l iliyodondoka katika nyoa, bado inachungulia katika nyolewa, na ilipokutana na i ya kinyozi ikageuka kuwa z. Kitenzi kile kile cha kusonga nywele ndicho tunachokitumia kwa kusonga ugali. Na sisi tunaofundisha fasihi tumekichukua kitenzi cha msusi na kukiingiza darasani: tunazungumzia msuko wa vitushi katika riwaya, kana kwamba mwandishi naye ameketi nyuma ya kichwa cha mtu akiwa na kitana mkononi.

Vitenzi hivi vingi vinadai mtenda. Mkeka haujisuki, ugali haujisongi. Methali nayo inashadidia: kinyozi hajinyoi. Kichwa ni kiungo cha ajabu, kwa sababu mwenye kukibeba ndiye asiyekiona. Ili kitunzwe vizuri lazima mwenyewe akubali kuinama mbele ya mtu mwingine.

Lakini sokota kina ukaidi wake. Kinyambulishe uone: sokota, sokotwa, sokoteka, sokotana. Mtu anaweza kuzisokota nywele. Nywele zinaweza kusokotwa na mtu. Na nywele zinaweza pia kusokotana zenyewe bila mtu yeyote kuzigusa. Hali hii ya mwisho si porojo. Kila siku kichwa cha binadamu hupoteza nywele kati ya 50 na 100 hivi. Katika kichwa kinachochanwa, nywele hizo huondoka na kitana. Katika kichwa cha nywele za kujikunja kisichochanwa, hunaswa na zile zilizobaki, zikajizungusha na kukazana mpaka zikawa kamba. Ndivyo dredi zinavyotokea hata pale ambapo hakuna aliyezitaka. Kwa hivyo anayedai kwamba nywele halisi ni zile zilizosokotana zenyewe, na anayesema ni zile zilizosokotwa na fundi, wote wawili wanatumia mzizi mmoja. Sarufi haikukata kesi. Nikalazimika kuiuliza historia.

Tuanze na wale ambao nywele zao ndefu zinajulikana zaidi katika nchi hii, morani wa Kimaasai na wa Kisamburu. Picha zao zimeuzwa kwa watalii kwa miaka mingi, na anayeziangalia haraka anaweza kudhani kwamba nywele zile zilimea tu kama nyasi. Sivyo. Nywele za morani husokotwa nyuzi nyembamba nyembamba na kupakwa mafuta yaliyochanganywa na udongo mwekundu, ule ambao maseremala wa pwani huuita ngeu. Kazi hiyo huchukua saa nyingi, na anayeifanya ni morani mwenzake. Leo mimi nakusokota, kesho wewe unanisokota. Kisha unafika wakati wa Eunoto, sherehe ya kuwavusha morani kutoka ujana wao wa vita hadi hatua inayofuata, na hapo nywele hizo zote hunyolewa. Anayezinyoa ni mama yake morani. Naam, mama. Wapo morani waliolia machozi siku hiyo, wanaume ambao kilio si kawaida yao.

Kumbe basi, katika mapokeo haya ya zamani nywele ndefu za msokoto hazikuwa nywele zilizoachwa. Zilikuwa nywele zilizoshikwa sana. Mkono wa rafiki ulizisuka na mkono wa mama ukaziondoa.

Upande wa pili kuna wanaozifuga kwa nadhiri. Wasomaji wa Biblia wanamkumbuka Samsoni, mnadhiri ambaye wembe haukupaswa kupita kichwani pake. Watafsiri wa Biblia walipofika kwenye nywele zake walitumia neno zuri ambalo leo tumelisahau: vishungi. Alikuwa na vishungi saba. Mimi binafsi nalipenda neno hilo kuliko dredi, na sijui kwa nini tunalihifadhi kanisani peke yake. Msomaji akikirudia kisa hicho ataona kwamba balaa la Samsoni linamfika usingizini. Mtu aliitwa, akamnyoa akiwa amelala mapajani mwa Delila. Mkono ule hakuuchagua yeye.

Waumini wa Rastafari walijenga desturi yao juu ya nadhiri hiyo hiyo. Imani yao ilianza Jamaica katika miaka ya 1930, baada ya Ras Tafari Makonnen kutawazwa kuwa mfalme wa wafalme wa Ethiopia mnamo Novemba 2, 1930 kwa jina Haile Selassie. Wapenzi wa lugha watavutiwa na neno ras. Katika Kiamhari ni cheo, na maana yake ya asili ni kichwa. Ni ndugu ya neno la Kiarabu lililotupa rasi ya baharini, rasilimali na hata rais. Kwa hivyo anayeitwa rasta ameitwa kichwa, atake asitake. Kichekesho ni kwamba akina dada wengi wakisema wanaenda “kusuka rasta” huwa wanamaanisha nywele za bandia zilizounganishwa na zao, kitu ambacho Mrastafari wa Kingston angekikana mchana kweupe.

Je, Wajamaika walitoa wapi vishungi? Hapa wataalamu wanavutana. Horace Campbell, katika kitabu chake Rasta and Resistance, anavihusisha na picha za wapiganaji wa Mau Mau zilizosambaa duniani. Barry Chevannes naye anavihusisha na kundi la vijana waumini wa Kingston lililoanza mwishoni mwa miaka ya 1940, yaani kabla ya Hali ya Hatari kutangazwa Kenya mnamo Oktoba 20, 1952. Wengine wanawataja watawa wa Kihindu ambao wafanyakazi kutoka India walikwenda na desturi zao hadi visiwa vya Karibi. Huenda kila mmoja ana chembe ya ukweli, maana hata wazo husokotana. Lakini tarehe zinatuonya tusiseme kwa haraka kwamba kila dredi duniani ilitoka Nyandarua.

Hata hivyo, kwetu sisi Wakenya ni Nyandarua na Mlima Kenya vinavyotujia akilini. Gavana Evelyn Baring alipotangaza Hali ya Hatari, maelfu ya vijana waliingia msituni kupigania ardhi na uhuru. Walikaa huko miaka. Wapo walioapa kwamba wembe hautagusa vichwa vyao hadi nchi iwe huru. Dedan Kimathi alipokamatwa Oktoba 21, 1956 alipigwa picha akiwa amelazwa, amefungwa mikono, vishungi vyake vimetapakaa. Wakoloni walitaka picha hiyo imwonyeshe kama mnyama aliyenaswa. Alinyongwa katika gereza la Kamiti Februari 18, 1957. Miaka 50 kamili baadaye, Februari 18, 2007, Rais Mwai Kibaki alizindua sanamu yake jijini Nairobi, na mchongaji hakumnyoa. Vishungi vile vile vilivyotumiwa kumdhalilisha sasa ni vya shaba, na wanafunzi hujipiga picha chini yake.

Kuna picha nyingine inayojulikana sana, ya Jomo Kenyatta akiwa na Musa Mwariama, kiongozi wa wapiganaji kutoka Meru aliyetoka msituni uhuru ulipopatikana. Mmoja amechana nywele zake vizuri, mwingine vishungi vyake vinaning’inia. Nimekuwa nikiionyesha picha hiyo darasani kila mwaka. Nilikuwa nawaambia wanafunzi kwamba tazama, hizi ndizo nywele zisizodanganya, nywele ambazo hakuna aliyezichezea.

Nilikuwa nasema hivyo mpaka mama aliponisahihisha.

Mama alikuwa amekuja Nairobi kwa ajili ya kliniki ya macho, akalala kwangu siku nne. Jioni moja nilimsimulia habari za yule mwandalizi, nikitarajia anitetee. Akaniangalia kichwa kwa muda. Mama hajawahi kuzipenda nywele hizi, ila alikuwa hajawahi kuniambia sababu.

“Unasema unazifuga kwa ajili ya mjomba wako,” akaniambia. “Mjomba wako hakufuga nywele. Nywele ndizo zilizomfuga. Hakukuwa na wembe, hakukuwa na sabuni, hakukuwa na mtu wa kumwambia keti hapa nikutazame kichwa. Zilikuwa zinamwasha mpaka anashindwa kulala.”

Nikanyamaza. Mama alikuwa mtoto mdogo serikali ya kikoloni ilipowahamishia watu wa kwao kwenye vijiji vilivyozungushiwa mitaro mwaka wa 1954. Habari za msituni alizisikia kutoka kwa kaka yake mwenyewe, si kutoka kwa vitabu kama mimi.

“Siku aliyorudi,” akaendelea, “cucu yako hakumuuliza chochote. Alimketisha nje kwenye jua, akachemsha maji, akamnyoa. Alimnyoa polepole, kwa sababu ngozi ilikuwa na vidonda. Zilipoisha zote ndipo alipolia. Alisema sasa ameuona uso wa mtoto wake.”

Nilikaa na maneno hayo usiku ule. Kwa miaka sita nilikuwa naheshimu kitu ambacho mjomba mwenyewe alifurahi kukiondoa. Nilidhani natunza kumbukumbu ya ushujaa, kumbe sehemu ya kumbukumbu hiyo ilikuwa upweke: kijana asiye na mtu wa kumtazama kichwa.

Lakini pia sikutaka kuruka kutoka kosa moja hadi lingine. Wapo waliotoka msituni na hawakutaka kunyolewa, nao walikuwa na haki yao. Field Marshal Muthoni wa Kirima, mwanamke pekee aliyefikia cheo hicho katika Mau Mau, alikaa na vishungi vyake kwa takriban miaka 70. Uhuru ulikuja mwaka wa 1963, yeye hakunyoa, kwa kuwa kwa mtazamo wake uhuru aliopigania ulikuwa haujafika. Vishungi vyake vikawa kama deni la nchi lililoandikwa kichwani mwa ajuza. Kisha mnamo Aprili 2022, nyumbani kwake Nyeri, alikubali vikatwe, na aliyeshika mkasi alikuwa Mama Ngina Kenyatta, mjane wa rais wa kwanza.

Wakenya walibishana sana wiki ile. Wengine waliona ni upatanisho. Wengine waliuliza kwa nini mkono wa familia iliyopata mengi kutokana na uhuru ndio uliopewa kukata nywele za mwanamke aliyepata machache. Nilibaini kwamba hakuna aliyebishana kuhusu nywele zenyewe, wala urefu wake, wala kama zilipendeza. Mjadala wote ulihusu mkono. Muthoni alifariki Septemba 2023, na mjadala ule haujaisha. Anayepita katikati ya Nairobi anaweza hata kuuona umeandikwa kwenye vibao vya barabara: sanamu ya Kimathi na vishungi vyake imesimama pale ambapo Barabara ya Kimathi inakutana na Barabara ya Mama Ngina.

Mkono wa dola nao umewahi kuingia vichwani mwetu. Serikali ilipopiga marufuku kundi la Mungiki mwaka wa 2002, na katika misako iliyofuata miaka kadhaa baadaye, kijana mwenye dredi alijua kwamba akikutana na polisi jioni atakuwa na maswali ya kujibu. Wengi walikimbilia kwa vinyozi kabla ya kukamatwa. Methali ya mwenzako akinyolewa zako tia maji huwa tunaifundisha kama fumbo, lakini miaka ile ilikuwa taarifa ya habari. Mwaka wa 2019 msichana wa kidato cha kwanza, Mrastafari, alifukuzwa katika shule moja mtaani Kibra kwa sababu ya nywele zake. Familia yake ilikwenda kortini. Septemba 13 mwaka huo Jaji Chacha Mwita wa Mahakama Kuu aliamua kwamba nywele zile ni sehemu ya imani yake, kwamba Katiba inailinda, na kwamba shule haikuwa na haki ya kumtaka azinyoe. Kwa maneno mengine, mahakama ilisema kwamba mkono wowote hauwezi kugusa kichwa cha mtu bila idhini yake.

Nilipoyapanga haya yote mezani nikaona kwamba swali langu la kwanza lilikuwa limewekwa vibaya. Nilikuwa nauliza kama nywele zilizoguswa ni pungufu kuliko zisizoguswa. Historia haijui tofauti hiyo. Za morani ziliguswa kila mara na hakuna anayezitilia shaka. Za mjomba hazikuguswa, na aliteseka nazo. Samsoni aliguswa usingizini akaangamia. Muthoni alichagua mwenyewe siku na mkono, na hata wale waliokasirika walijua kwamba chaguo lilikuwa lake. Kinachojirudia tangu mwanzo hadi mwisho ni kuulizana: nani anashika, na nani amemruhusu?

Hapo uamuzi ukawa mwepesi kidogo. Ukawa uamuzi wa fundi.

Wasomaji wengine huenda wanalikabili swali kama hili, kwa hivyo nitasema machache kuhusu kazi yenyewe. Nywele hukua kama sentimita moja kwa mwezi, na zile mpya zinazotokea karibu na ngozi huwa bado hazijasokotwa. Zikiachwa, hutafuta jirani na kuungana naye. Ndicho kilichotokea kisogoni kwangu. Kazi ya msusi, ile vijana wanayoiita “kuritachi”, ni kuzirudisha nywele hizo changa kwenye msokoto wao, ama kwa viganja na vidole, ama kwa sindano ndogo ya kroshia. Sindano ni ya haraka na hukaza sana, lakini katika mkono mbaya hukata nyuzi za ndani. Nta hufanya nywele zing’ae siku ya kwanza, halafu hubaki humo ikikusanya vumbi. Na kubwa zaidi ni kuvuta. Msokoto ukikazwa kupita kiasi, tena mara kwa mara, nywele za kipajini huanza kuchoka, kisha hung’oka, na zikivutwa kwa miaka mingi shina hufa na hazirudi tena. Mwanamke akiona vipele vidogo pembezoni mwa nywele baada ya kutoka saluni, asiambiwe kwamba urembo ni maumivu. Hiyo ni dalili kwamba zimevutwa mno. Kusokota kila baada ya mwezi mmoja au miwili kunatosha, na anayeambiwa arudi kila wiki anasokotwa mfuko.

Nilikwenda Kenyatta Market siku ya Jumatano, maana Jumamosi pale huwezi hata kupata mahali pa kuweka mguu. Mama akasema tutakwenda wote. Msusi alikuwa kijana wa miaka kama 25, mwenye vishungi vyake mwenyewe amevifunga juu ya kichwa kama kilemba.

“Karibu mathe. Leo tunafanya nini?”

Nilimweleza. Nikamwambia pia kwamba sitaki nta, sitaki sindano ila pale nyuma tu akishindwa kabisa, na kwamba hakuna kitu kitakachokatwa bila kuniuliza. Nilikuwa natarajia ajiudhi. Badala yake aliniketisha, akapitisha vidole kisogoni, akasema, “Hizi hazijawahi kushikwa, eh? Ziko poa lakini. Zitataka tu subira.”

Alianza saa tano asubuhi, akamaliza karibu saa kumi. Alitumia maji na utomvu wa mshubiri. Ule mkeka wa nyuma aliutenganisha uzi kwa uzi, akisimama mara kwa mara kunipumzisha shingo. Mara mbili aliniuliza kama akate, mara mbili nikamwambia ajaribu tena, naye akajaribu. Sehemu moja ilishindikana. Akanionyesha kwenye kioo cha mkono, nami nikakubali. Alikata kipande cha urefu wa kidole, akakiweka kiganjani mwangu.

Mama alikuwa ameketi kwenye fomu ya mbao akitutazama kwa hayo macho yake yaliyotiwa dawa. Hakuwa amesema neno kwa saa mbili. Msusi alipofika mbele, karibu na kipaji, mama akainuka akasogea.

“Usimvute hapo mbele,” akamwambia. “Atabaki na uso mkubwa.”

“Sawa, shosho,” kijana akajibu, na akalegeza mkono.

Kuanzia hapo mama hakurudi kwenye fomu. Alisimama kando yangu, akawa anamshikia msusi vibanio, akimpa kimoja kimoja. Alipomaliza, mama alichukua msokoto mmoja wa pembeni, akaupima uzito mkononi, akauachilia. Hakusema kwamba zimependeza. Aliniuliza kama kichwa kinawasha. Nikamwambia hakiwashi.

Waswahili husema akili ni nywele, kila mtu ana zake. Methali hiyo imezoeleka kutumiwa kukatiza mjadala, kana kwamba maana yake ni kila mtu na lwake. Mimi siku hizi naisoma pamoja na ile ya kinyozi. Ndiyo, kila mtu ana zake, na hakuna shule, polisi wala mwandalizi wa kongamano anayeweza kumwamulia. Lakini mwenye nywele hawezi kukiona kisogo chake. Siku moja atahitaji mtu wa kusimama nyuma yake, na siku hiyo heshima yote iko katika kumchagua vizuri na kumwambia wazi mipaka. Anayezipeleka nywele zake kwa fundi hajamsaliti Kimathi. Anayeziacha zisokotane zenyewe hajakosa ustaarabu. Kila mmoja ajiulize tu kama ameamua mwenyewe.

Siku ya mhadhara mwandalizi alinipokea mlangoni, akaniambia nimependeza. Nilimshukuru. Kisha nikapanda jukwaani, nikaonyesha ile picha ya Kenyatta na Mwariama, na kwa mara ya kwanza sikuwaambia wanafunzi kwamba nywele zile hazikudanganya. Niliwauliza wanadhani ni nani aliyemtazama kichwa Mwariama alipofika nyumbani.